Kutoka moja hadi nne

Juzi usiku binti yangu alinikuta jikoni, taa imezimwa, nimesimama nakula kwenye sufuria. "Mama, una njaa au una hasira?" Nikamwambia nina njaa. Akanitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama watu enzi zile nilipopita nyumba kwa nyumba na hojaji ya kwa nini watu huchagua chakula wanachokula.

Maswali 36. Asili yake ni hojaji ambayo Andrew Steptoe na wenzake waliichapisha Uingereza mwaka 1995. Yote huanza vilevile: "Ni muhimu kwangu kwamba chakula ninachokula siku ya kawaida..." kisha mkia ndio hubadilika: kiwe rahisi kuandaa, kiwe cha bei nafuu, kinisaidie kudhibiti uzito, kifanane na nilichokula utotoni. Mtu hujibu kwa alama. Moja, si muhimu kabisa. Nne, muhimu sana. Lipo hata linalouliza kama chakula kimetoka nchi ambayo siasa zake unaziafiki. Hilo lilituchekesha kila nyumba, mimi na wenyeji wangu.

Kuna mama mmoja nilimhoji mara mbili. Hojaji nayo hupimwa: unarudi baada ya wiki mbili tatu, unauliza yaleyale, unaona kama majibu yanalandana. Mara ya kwanza mumewe alikuwa kando na gazeti lake, akijibu nusu ya maswali yasiyo yake. Nilipofika "kinisaidie kukabiliana na maisha", mzee akacheka. "Chakula si dawa." Mama naye akacheka. "Andika moja, mwanangu."

Mara ya pili alikuwa peke yake, anakunja nguo. Tulikwenda mbio mpaka pale pale.

Nikasoma. Kimya. Akalishika taulo ambalo alikwisha kulikunja, akalikunjua, akaanza upya, pembe kwa pembe, akiupitisha mkono juu ya kila mkunjo kama anayepiga pasi. Tulikuwa tumeonywa tusimsaidie mhojiwa kujibu: usitikise kichwa, usigune. Kalamu yangu ikabaki hewani. Mkunjo mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Hebu nisomee tena."

Nikasoma tena.

"Nne," akasema, analiambia taulo. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na lile la msongo wa mawazo, lirekebishe. Nne nalo."

Sikumuuliza kitu. Najitetea kwamba haikuwa kazi yangu kuuliza. Ukweli ni kwamba niliogopa angejibu.

Ofisini msimamizi alizizungushia alama zake wino mwekundu. Mtu hatoki moja akafika nne kwa wiki mbili, alisema. Umekosea wewe kujaza. Ningeweza kumweleza habari za gazeti na za taulo. Nikaona nitakuwa nimeitoa siri ya watu mbele ya meza yenye makarani wanne. Nikasema ndiyo, nimekosea. Fomu zote mbili zikatolewa kwenye hesabu, na mama yule hakuhesabika popote, si kwa moja yake wala kwa nne yake. Mpaka leo sijui kama nilimsitiri yeye au nilijisitiri mimi.

Leo asubuhi binti yangu ameniuliza tena, safari hii mbele ya baba yake.

Nimesema njaa.