Waridi la Mama limehama

Chai imepoa nikiwa nimechuchumaa bustanini. Kuna chipukizi, jekundu, dogo kuliko punje ya mchele, limechomoza kwenye kifundo cha tatu kutoka chini. Wiki ya nne hii tangu tulihamishe.

Waridi lenyewe Mama alilipanda kwenye ukuta wa veranda, hapa Rau, Moshi, likatambaa mpaka kwenye bati. Februari fundi akasema ukuta ubomolewe, chumba kiongezwe. Nikamwomba asubiri mpaka Juni. Akacheka: "Dada, nyumba ingoje ua?"

Ingoje. Nilishaliua moja Februari, lile jeupe. Nililing'oa saa saba mchana, nikalimwagia ndoo mbili, na kabla wiki haijaisha majani yalikuwa yamekauka kama tumbaku. Mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha majani yote yale kwenye jua la Moshi la kiangazi, umwage maji usimwage.

Bibi wa jirani alinihimiza nisiipoteze masika. Kwa mahindi, sawa. Lakini udongo ukiwa chepechepe bonge halishikani; unabaki na tope mkononi na mizizi uchi. Nilisubiri mvua zikatike, unyevu ubaki ardhini, na mlima ujifunike mawingu siku nzima. Waridi letu halilali kama la Ulaya wakati wa theluji. Kipupwe ndicho mapumziko yake.

Jioni nikalinywesha vizuri. Alfajiri nikashika mkasi, na hapo ndipo paliponiuma. Matawi ya mita tatu nikayashusha hadi kiunoni, nikabakiza manne tu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kimya. Nilipofika kwenye lile la juu ya dirisha akanyoosha mkono: "Hilo nipe mimi." Akalikata vipande vya urefu wa kalamu, akavichomeka kwenye makopo ya rangi yenye mchanga na udongo.

Mimi na mdogo wangu tulichimba mduara, karibu nusu mita kutoka shinani, tukapitisha gunia chini ya bonge, tukaliburuta hadi uzioni, panapopata jua la asubuhi tu. Shimo lilikuwa tayari tangu jana yake, na samadi iliyooza imeshachanganywa. Mbolea ya dukani sijaigusa. Mizizi yenye vidonda itaungua. Juu nimetandaza majani makavu ya migomba, yasiguse shina.

Matawi yakirefuka nitayalaza kwenye waya. Tawi lililolala huchanua mwili mzima. La wima huchanua kichwani tu.

Ukuta wa veranda bado umesimama, maana fundi amepata kazi Boma Ng'ombe. Chini ya mparachichi kuna makopo kumi na moja ya Mama. Matatu yalichipua tangu juzi, na tangu asubuhi ameshanikumbusha mara mbili.