Laptopu iliyokataa kadi mpya ya Wi-Fi: jinsi nilivyotatua

Nikiweka kadi ya Intel AX200, laptopu inagoma kuwaka: "kadi haijaidhinishwa". Kusasisha BIOS (programu inayoiwasha laptopu) na kurejesha mipangilio ya awali hakukusaidia.

Nilichomoa chaja na betri zote, hata ile ndogo ya saa, nikasoma chipu ya BIOS kwa CH341A (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) mara mbili. Nakala lazima zifanane, moja ihifadhiwe. Kwa UEFITool, programu ya kufungua faili la BIOS, nikatoa moduli (sehemu ya BIOS) yenye orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Imebanwa (compressed), hivyo ukiitafuta kwenye faili zima huioni.

Na hapa ndipo penyewe: amri ya Linux lspci -nn inaonyesha namba za utambulisho za AX200 kuwa 8086:2723, lakini ndani ya moduli baiti za kila namba hugeuzwa, 86 80 23 27! Nikaweka hizo badala ya za kadi ya zamani, nikarudisha moduli, nikaandika chipu. Imewaka, Wi-Fi inashika vizuri.