Daftari la Maji Kujaa na Kupwa

Shule zilipofungwa nchini Kenya mwezi Machi 2020, binti yangu alikuwa na umri wa miaka sita, na sisi wakazi wa Kilifi tulidhani watoto wangekaa nyumbani kwa wiki chache tu. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, mimi na baba yake tulikuwa tumekwisha kuamua kuendelea kumfundisha nyumbani, pamoja na mdogo wake. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na jamaa zetu wengi walihofu kwamba tunawanyima watoto haki yao. Siwalaumu, kwani walisema kwa mapenzi.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kuibeba shule nzima na kuileta sebuleni: ratiba ukutani, simu inayolia kila baada ya dakika 35, masahihisho kwa kalamu nyekundu. Binti yangu alifanya kila alichoagizwa. Lakini huyu alikuwa mtoto wa kuuliza tangu anaamka hadi analala, na sasa maswali yote yalikuwa yamekauka, limebaki moja tu: "Mama, nimemaliza?" Swali hilo liliniumiza kuliko alama mbaya yoyote ambayo angeweza kuipata.

Kiu yake ilirudi kwa njia ya bahari. Asubuhi moja, yapata saa nne, tulishuka ufuoni kununua samaki tukakuta maji yamekupwa hadi kwenye miamba. Siku nne baadaye, saa ile ile, mchanga tulioukanyaga ulikuwa bado umefunikwa. Akauliza kwa nini. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, nikamwambia amwulize mvuvi mzee ambaye ni jirani yetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mbona leo maji hayajatoka?"

"Mwezi wa jana usiku uliutazama?"

Hakuwa ameutazama. Usiku huo aliutazama, na kwa majuma kadhaa yaliyofuata alichora umbo lake katika daftari, akiandika pembeni saa ambayo maji yalikupwa kabisa. Hesabu za kutoa saa, ambazo awali alizifanya kwa kununa, sasa alizihitaji. Siku moja alipata kwamba maji yalichelewa kwa dakika 90, kwa sababu alitoa 4:45 kutoka 5:35 kama anayetoa namba za kawaida; akaona jibu hilo halifanani na ya siku nyingine, ambayo yalikuwa yakikaribia 50, akafuta na kufuta hadi karatasi ikatoboka, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba saa moja ina dakika 60. Mimi nilikuwa karibu nikikuna nazi, na kunyamaza kwangu siku hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kama mwalimu.

Baadaye aligundua kwamba bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, huja mwezi ukiwa nusu. Tulipomfungulia jedwali la maji la bandari ya Mombasa, ambako wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, alilisoma mstari kwa mstari kama barua aliyoandikiwa yeye.

Simaanishi kwamba mtoto aachiwe afanye apendacho tu. Jedwali la kuzidisha bado linakaririwa kila asubuhi, apende asipende, maana bila hilo daftari lake lisingefika popote. Mdogo wake, kwa upande mwingine, hana habari na bahari; yeye alijifunza kusoma kwa kusilabi maandishi ya pakiti za unga na ya matatu zinazopita, nami nimeacha kumburuta ufuoni.

Wiki hii dada mtu amekuja na swali jipya: ikiwa mwezi ndio unaovuta maji, kwa nini bamvua huja hata siku ambazo mwezi hauonekani kabisa? Chungwa, ndimu na tochi viko juu ya meza ya chakula tangu juzi, na nimeombwa nisiviondoe.