Mparachichi wangu ulinyauka huku ardhi imelowa

Shamba letu lipo mkoani Njombe, kwenye mteremko unaoshuka mpaka bondeni. Tulipanda parachichi aina ya Hass, miche iliyobebeshwa, na mwaka wa tatu tukaanza kuchuma. Mti ninaousimulia hapa ulikuwa mstari wa mwisho kabisa, kule chini. Ndio uliokuwa ukizaa kuliko yote, na niliupenda.

Ulianza na majani, mwishoni mwa kiangazi. Hayakuwa na madoa wala matundu ya wadudu. Yalikuwa madogo, kijani chake kimefifia kuelekea njano, na yamelegea kama mchicha ulioshinda juani. Nilichuma jani moja nikalilaza juu ya jani la mti wa pembeni, halikufika hata nusu. Miti mingine ilikuwa inachipua, huu umetulia kimya. Nikajua una kiu. Nikawa naumwagia ndoo mbili kila jioni na mbolea ya kukuzia nikaongeza.

Kilichonipoteza zaidi ni matunda. Ulibeba mengi ajabu, ingawa madogo kama mayai ya kuku, nami nikaona umepona. Kumbe mparachichi ulioharibika mizizi unaweza kuzaa hivyo hivyo, matunda mengi yasiyokua.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, shemeji yangu alipita. Analima parachichi miaka mingi.

"Shemeji," akaniita, "mvua yote hii na mti bado umelegea? Hiyo si kiu. Hebu tuone chini."

Akapiga magoti, akasogeza majani makavu, akafukua kwa vidole hatua moja kutoka shinani. Mizizi ya kunyonya ya mparachichi ipo juujuu, hata shubiri hakufikisha. Iliyotoka ilikuwa myeusi. Ukiibana inakatika kama kijiti kikavu, na mingine ganda lilibanduka likabaki mkononi, ndani kumebaki uzi tu. Kisha akanipandisha mteremko hadi kwenye mti wenye afya, akafukua vilevile. Huko mizizi ilikuwa imesongamana, ncha zake nyeupe kama maziwa, inapinda bila kukatika. Nilisimama pale nikiitazama mikono yake nikaona uchungu sana.

Bwana shamba alipokuja alisema ni kuoza kwa mizizi. Kimelea chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi, na kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini ya Sumatra. Kinakaa ardhini, na maji yakituama, vijimbegu vyake huogelea mpaka vikaufikia mzizi. Yale maji yangu ya jioni ndiyo yaliyokuwa yanavibeba.

Alinionyesha pia namna ya kujua tawi lililo hai. Unakwangua gome kidogo kwa ukucha: ukikuta kijani chenye unyevu, lipo hai, ukikuta kahawia na ukavu, limekufa. Unaanzia nchani unashuka. Mimi nilishuka tawi baada ya tawi nikikuta kahawia, mpaka kwenye panda za kwanza. Tuling'oa ule mti, tukakusanya mizizi tuliyoweza kuipata, tukachoma vyote.

Miwili ya jirani yake ilikuwa imeanza kulegea, na hiyo ndiyo tuliyoipigania. Tulichimba mtaro upande wa juu ili maji ya mteremko yapite pembeni, nikaacha kumwagilia, nikaweka matandazo mazito ya mabua na vipande vya matawi bila kuyagusisha na shina. Bwana shamba akaichoma sindano ya fosfonati, dawa ya kupambana na kimelea hicho, kwenye shina. Jembe lililotumika kule chini halipandi juu kabla ya kuoshwa, na buti pia, kwa sababu udongo ndio unaohamisha ugonjwa.

Mti mmoja umerudisha majani mapana. Wa pili bado, kila wiki nakwangua ncha zake, na mwezi uliopita nilikuta kijani mahali palipokuwa pakinitia wasiwasi.

Pale palipokuwa na ule wa kwanza sijarudisha parachichi, kwa kuwa kimelea kile hudumu ardhini miaka mingi. Nimepanda magimbi. Yenyewe yanapenda maji, na yamestawi vizuri.