Kuruka Viunzi kwa Farasi Huku Nikijitilia Shaka

Katika miezi yangu ya mwanzo ya kujifunza kuruka viunzi kwa farasi, shaka ilinivamia pale tulipomaliza kona na kiunzi kikawa mbele yetu. Nilijiuliza kama kweli ninastahili kukaa juu ya lile tandiko, na swali hilo lilishuka mara moja hadi mikononi: vidole vikakaza hatamu, kiwiliwili kikarudi nyuma, na farasi, ambaye huhisi hata badiliko dogo la uzito wa aliyempanda, akasita au akakikwepa kiunzi. Kila alipokataa kuruka, niliona nimethibitishiwa kwamba sifai.

Mwalimu wangu hakunihimiza niwe jasiri. Alishusha kila kitu, zikabaki fito zilizolazwa chini, akaniagiza nizipite kwa mwendo uleule huku nikihesabu hatua za farasi kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hana budi kupumua, na kwangu pumzi ndiyo iliyolegeza mabega. Baadaye fito mbili zilipishanishwa, sehemu ya chini zaidi ikiwa katikati, ili farasi mwenyewe avutwe kupita hapo.

Lililonituliza kuliko sifa yoyote ni kuelewa jinsi farasi anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo akishakaribia sana hakioni vizuri kilicho chini ya pua yake, naye huruka kwa kutegemea alichokiona hatua chache kabla. Kumbe kuruka ni kazi yake. Yangu ni kumfikisha katikati ya kiunzi kwa mwendo ulio sawa, macho yangu yakitazama mbali, kisha nisimzuie. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la farasi la Italia aliyefariki mwaka 1907, aliwafundisha wapanda farasi kuinama mbele na kuifuata shingo ya farasi kwa mikono, ilhali desturi ya wakati huo ilikuwa kuegemea nyuma. Nilifarijika sana kujua kwamba hata askari waliozoea farasi walilazimika kujifunza upya jambo hilohilo lililonishinda.

Shaka bado hunijia. Ikija, nashika manyoya ya shingoni ili nisiivute lijamu na kumuumiza mdomo, naanza kuhesabu, na ikizidi naomba kiunzi kishushwe, kwa kuwa farasi naye anahitaji kumaliza somo akiwa ameruka vizuri.