Viza ya mtoto: majina matatu, saini mbili

Mtoto hapandi ndege kwa viza ya mama yake. Hata kichanga wa miezi mitatu anatakiwa awe na pasi yake, fomu yake na picha yake; kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na bima yake ya matibabu pia, isiyopungua euro 30,000. Wazee wengi huku kwetu, Unguja na Pemba, hujipanga vizuri kwa karatasi zao, za mtoto wakazikusanya siku ya mwisho. Ni makosa, maana faili la mtoto ndilo lenye maswali mengi.

Swali la kwanza ni majina. Mama ni Fatma Ali Juma, mwanawe ni Salum Khamis Omar. Kwetu hapo hapana la kuuliza: mtoto huitwa kwa baba na babu, na mama habadilishi jina akiolewa. Lakini ofisa wa ubalozi haoni jina hata moja linalowaunganisha. Ushahidi wake ni cheti cha kuzaliwa, basi kisome herufi kwa herufi ukiwa na pasi za wazee wote wawili mkononi. Cheti kinasema Hamis, pasi inasema Khamis. Cheti kina Fatma Ali, pasi ina majina matatu. Kirekebishe kwanza kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ndipo uombe pasi ya mtoto, kwa sababu pasi hufuata cheti na kosa likishaingia humo unalitengeneza mara mbili. Muda ukibana, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mimi naiona ni kiraka. Cheti kilichonyooka ni bora.

Pili, ridhaa. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, anayebaki aandike barua na kuisaini mbele ya wakili. "Namruhusu mke wangu asafiri na mtoto" haitoshi. Itaje majina kamili kama yalivyo kwenye pasi, namba za pasi, nchi wanayokwenda, tarehe ya kutoka na ya kurudi, watakapofikia na nani analipa. Ambatanisha kopi ya pasi au kitambulisho cha aliyesaini, na saini zifanane. Saini ya haraka haraka isiyofanana na ya kwenye pasi inatosha kuleta shaka. Baba akiwa Muscat, asaini huko kwenye ubalozi wa Tanzania.

Waliotalikiana wasitegemee karatasi ya talaka peke yake, kwani haisemi mtoto yuko kwa nani. Tafuta ridhaa ya mzazi mwenzako, au amri ya Mahakama ya Kadhi kuhusu malezi. Mzazi aliyefariki, weka cheti cha kifo.

Picha ya Schengen ni milimita 35 kwa 45. Kichanga mlaze juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, karibu na dirisha, umpige kutoka juu. Macho yawe wazi, mkono wa mama usionekane, na umfute wanja wa nyusi na wa kipajini, maana unabadilisha sura.

Ada ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12, na chini ya 6 halipi. Marekani na Uingereza hazina nafuu hiyo, mtoto hulipa sawa na mkubwa. Akishatimiza 12, Schengen wanataka alama zake za vidole, kwa hiyo mtoto wa Wete au Mkoani hesabu na nauli yake ya boti hadi Dar es Salaam. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, si chini ya siku 15. Ikiwa safari inaingilia masomo, chukua barua ya ruhusa ya skuli.

Uingereza kuna jambo moja la kuangalia sana. Viza ya mtoto anayesafiri na mtu mzima humtambulisha mtu huyo. Ukiandika mama kwenye fomu, halafu mtoto akaondoka na shangazi, anaweza kuzuiliwa mpakani. Anayemshika mkono siku ya safari ndiye aandikwe tangu mwanzo, na asibadilishe pasi baada ya hapo.