Tulivyoyafuata maji ya mfereji hadi Chyulu

Sisi wa Mombasa hifadhi ya Tsavo tunaijua kwa dirisha la basi. Unapandia Mwembe Tayari usiku, unasinzia, ukizinduka ni Mtito Andei: unashuka kujisaidia, unakunywa chai ya bei ya njiani, unarudi kitini. Nyuma ya zile taa kuna vilima vya Chyulu, nchi nzima ya mawe yaliyotoka tumboni mwa ardhi yakiwa moto, na chini ya mawe hayo ndimo yanamopita maji tunayoyakinga huku kisiwani. Mimi nilitaka kuyaona hayo kwa macho, niende na nirudi siku moja, nikiwa na watu wachache na mtu wa kunieleza.

Gari halikuwa shida. Kazi ilikuwa kupata mwongozaji anayependa kuzungumzia mawe. Safari nyingi za siku moja kutoka huku huenda Tsavo Mashariki, kwa kuwa lango la Bachuma ndilo lililo karibu, na wageni wa hotelini wakishaona tembo wekundu na simba mmoja chini ya mti roho zao zimetua. Nilipouliza habari za Shetani, kule kwenye lava, yale mawe ya volkano ya Tsavo Magharibi, kijana wa ofisi moja ya safari alinijibu, "Dada, kule hakuna wanyama." Akanitajia bei ya Mashariki, nzuri ya kushawishi. Nikamuuliza kama ada ya lango imo. Hiyo ni kando. Na chakula? Hicho pia kando. Nikamshukuru, nikaondoka.

Niliyempata mwishowe ni kijana wa mtaani kwetu. Ana leseni, ana cheti cha ngazi ya fedha (Silver) cha chama cha waongozaji safari, na amewahi kufanya kazi hotelini ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kwa hiyo njia za huko hakuzisoma kwenye simu. Yeye ndiye aliyeshauri tusinunue viti kwa mtu. Tukodi van nzima yenye paa la kufunguka, pamoja na dereva wake, tugawane gharama.

Hapo ndipo kundi dogo linapokuwa na hesabu yake. Kodi ya gari, mafuta na ujira wa mwongozaji havipungui mkiwa wanne wala haviongezeki mkiwa saba, kwa hiyo kila kiti kinachobaki kitupu kinawalemea waliobaki. Nikaweka sharti tangu mwanzo: aliyelipa kiti, asipotokea, pesa yake hairudi. Shangazi yangu aliniambia sina huruma. Usiku wa kuamkia safari jirani mmoja akajitoa, akadai pesa zake, nikamkumbusha sharti. Tukaondoka kwa bei ile ile. Jirani mpaka leo akiniona hugeuza uso, na mimi sijutii.

Ada ya hifadhi tulilipa mapema kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, maana langoni hawapokei pesa mkononi. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, ila abebe kitambulisho chake. Chupa za plastiki za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, basi kila mtu alikuja na chupa yake ya chuma, na garini tukaweka dumu moja kubwa la kujazia.

Mwongozaji alikuwa amepanga tuanze na chemchemi za Mzima, kisha lava. Nikamwomba ageuze. Lava ni nyeusi na haina kivuli. Saa saba mchana pale hapasimamiki. Tena maji yenyewe yanatoka Chyulu juu kwenda Mzima chini, na mimi nilikuja kuyafuata. Akawaza kidogo, akasema sawa, tutazunguka zaidi lakini muda upo. Ukiwa na watu thelathini kwenye basi, ombi kama hilo hata hulitoi.

Tuliondoka saa tisa u nusu usiku. Mimi na shangazi, mke na mume wa Kisauni na mtoto wao wa kiume mwenye maswali, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye alikuwa amevaa koti kana kwamba tunakwenda Ulaya. Alfajiri ikatukuta Mackinnon Road. Pale kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya zamani. Husimuliwa kwamba karai la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi wa barabara ile hawapiti bila kusimama. Na sisi tukasimama, tukaswali, dereva akatia sadaka yake kwenye kisanduku, tukaendelea. Mahamri na mbaazi tulikula Mtito Andei, juu ya boneti, kabla ya kuingia langoni.

Kutoka lango la Mtito Andei hadi lango la Chyulu tulikwenda polepole, mwendo wa hifadhini hauruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa. Pundamilia, twiga, tembo wekundu kwa vumbi lao. Sitakaa hapo, hayo yanaonekana kila mahali.

Ukishalipita lango la Chyulu, kwenye njia ya kwenda Amboseli, nyasi zinakatika ghafla na weusi unaanza. Lava ya Shetani ina urefu wa kilomita zipatazo 8, upana wa kilomita 1.6, na kina cha kama mita 5. Barabara inapita katikati yake. Tuliposhuka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni mlio: mawe yale yanalia chini ya kiatu kama vigae. Ni mepesi mkononi kuliko unavyotazamia, na yamejaa vitundu vidogo, mahali ambapo gesi ilitokea wakati jiwe bado ni uji. Mwongozaji alieleza kwamba lava ile ilikuwa ikitembea huku ngozi yake ya juu imeshaanza kuganda, ngozi ikavunjika, vipande vikabebwa, vikapanguka kila upande. Ndiyo maana hapana hata shubiri moja iliyo sawa. Haya yalitokea karibuni sana kwa hesabu za miamba. Milipuko ya mwisho ya Chyulu huhesabiwa kuwa ya katikati ya karne ya 19, na walioishi karibu waliuona moto ukitoka ardhini, wakasema ni shetani anatoka. Ukisimama pale huwalaumu.

Kuhusu viatu sina mzaha. Ndara hapana, kanda mbili hapana, raba yenye soli nyembamba pia hapana. Vaa kiatu cha soli nene, na ukiyumba usikimbilie kushika jiwe, litakukata kiganja. Shangazi ana magoti yake. Alikunja baibui, akashika mkono wa mwongozaji, akaenda hatua kadhaa, akasema panatosha, akarudi kukaa mlangoni mwa gari na chupa ya chai. Hakuna aliyemharakisha wala aliyemsubiri kwa kununa.

Kilichonifaa zaidi siku ile hakikuwa kwenye mpango wowote. Yule mtoto alifungua chupa yake, akamimina maji juu ya jiwe. Hayakutiririka. Hayakufika hata upana wa mkono; yaliingia vitunduni, yakapotea, na baada ya muda mfupi jiwe likakauka kama halijaguswa. Mama yake akamgombeza kwa kuchezea maji porini. Mwongozaji akamwambia, "Mwache, mama. Mwanangu, mimina tena." Akamwonyesha vilima vilivyokuwa mbele yetu, vya kijani, na mawingu juu yake. Mvua ikinyesha Chyulu, alisema, hufanya hivyo hivyo. Vilima vile ni majivu na mawe ya volkano, mto wa juu huuoni. Maji yote yanazama, yanashuka mpaka yakutane na mwamba wa kale, mgumu, usiopenya, halafu yanaanza kutembea kwa upande gizani huko chini. Wanaoyachunguza wanayahesabia miaka mingi kabla hayajatoka tena.

Mzee wa bandari akauliza yanatoka wapi. Akaambiwa, ndiko tunakokwenda.

Njiani mwongozaji alitugusia kasoko ya Chaimu, kilima cheusi cha makaa ya volkano ambacho wageni huruhusiwa kukipanda. Si kirefu, lakini changarawe yake inateleza, unapiga hatua mbili unarudi moja, na jua lilikuwa limeshachachamaa. Tukapiga kura garini. Mtoto alishindwa.

Mzima ukifika huamini. Umetoka kwenye vumbi na miba, mara unaingia chini ya miti mikubwa, mikuyu na mikindu, na sauti ya maji. Hapo hutembei peke yako; unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya viboko na mamba. Maji ni meupe hata unahesabu samaki. Chemchemi hizi hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, na hazichanganyiki na tope kwa kuwa zimeshachujwa na lava njia nzima. Kuna chumba cha chuma kilichozamishwa ukingoni, kina madirisha ya vioo chini ya maji. Ukishuka unakuta giza na joto, na nje ya kioo samaki wanapita wamekutazama usoni. Kiboko hatukumwona kupitia kioo. Wameshapajua mahali pale, wanakaa mbali. Tuliwaona tulipotoka juu, masikio na pua tu. Askari alituambia wamepungua, ukame wa 2009 uliwaua wengi, kwa sababu maji yalikuwepo lakini nyasi za kula usiku hazikuwepo. Na wakipungua wao samaki nao huona njaa, maana mavi ya kiboko ndiyo yanayoanzisha chakula cha kule majini.

Shangazi alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa ametazama mikindu. Yeye ni msusi wa mikeka tangu utoto, na ukindu mzuri siku hizi haupatikani kwa bei ya maana, na hapo ulikuwa umesimama tele, mrefu, hakuna anayeukata. Akamwendea askari kwa adabu zote. "Baba, nikichukua makuti mawili tu?" Askari akacheka, akamwambia mama, hapa hata jani lililoanguka halitoki. Akajaribu tena kwa moja. Mpaka tunaondoka alikuwa anageuka nyuma.

Mwongozaji alituonyesha mahali bomba linapoanzia. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji ya Mzima huchukuliwa kwa bomba hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na miji ya njiani nayo ikipata yake. Mzee wa bandari akasema yeye miaka yote akidhani maji yake ni ya Baricho. Kweli, Mombasa inachota kwingi: Baricho, Marere kule Shimba, visima vya Tiwi. Lakini hata huko Baricho hamwepuki Mzima kabisa, mwongozaji alimjibu. Maji yasiyoingia bombani yanashuka mto Mzima, yanaingia mto Tsavo, Tsavo inakutana na Athi na kuwa Galana, Galana ikikaribia pwani inaitwa Sabaki, na visima vya Baricho viko kando ya Sabaki. Mzee akanyamaza, akavua koti. Kisiwa chetu ni cha matumbawe, ukichimba kisima unakuta maji ya chumvi chumvi, na kumbe muda wote tumekuwa tukinyweshwa na volkano ya watu wa bara. Mama wa Kisauni akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: kama maji ni mengi hivi, kwa nini kwake mfereji unatoka mara moja kwa wiki na siku nyingine ananunua kwa mkokoteni? Hilo mwongozaji alicheka tu. Bomba la kale, watu wameongezeka, na siasa yake ni ndefu.

Tulitokea lango la Tsavo, karibu na daraja la mto ambako simba wala watu waliwasumbua wajenzi wa reli mwaka 1898. Milango hufungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo usikae Mzima ukajisahau. Kuanzia hapo ni barabara kuu, giza na malori. Hii ndiyo sehemu mbaya ya safari ya siku moja, na nisingependa mtu adanganywe: dereva wetu alikuwa amelala kila tuliposhuka kutembea, kwa makubaliano, la sivyo nisingekubali. Mwenye watoto wadogo bora alale Voi au Mtito Andei. Treni nayo nilishaifikiria. Inasimama Mtito Andei, ila inakufikisha jua limeshapanda, na ile ya kurudi haikusubiri umalize kuzunguka.

Shangazi aliumwa na magoti siku mbili tatu, akajipaka mafuta ya karafuu. Kundi letu la WhatsApp bado liko. Mzee wa bandari anataka twende Baricho tukavione hivyo visima, ameshaanza kuuliza nani atachanga. Shangazi yeye anataka Chaimu, kwa magoti gani sijui, na anauliza kama kule nje ya mpaka wa hifadhi kuna ukindu.